Jinsi ya kuichunguza namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, kwa daftari na kalkuleta

Hapa Majengo, Moshi, ninapofundisha tuisheni ya hesabu, ukiamka kabla mawingu hayajapanda unaiona Kibo yote, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro. Kwenye kibao cha kilele cha Uhuru imeandikwa mita 5,895. Namba hiyo inaishia na 5, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la nne ataikata: ni 5 × 1,179, na ukiendelea kuikata unafika 3 × 3 × 5 × 131. Panda mita mbili hewani juu ya kibao hicho, mambo yanabadilika. 5,897 haikatiki popote. Ni namba tasa.

Naanzia mlimani kwa sababu ya swali la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Alikuwa amesikia habari za namba tasa iliyopatikana mwaka 2024, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, akaniuliza: "Mwalimu, nani aliihesabu mpaka mwisho? Na sisi tutajuaje kama ni kweli?" Sikutaka kumwambia aamini tu. Nilimwambia alete daftari la mraba, penseli na kalkuleta ya kawaida, na kwa jioni tatu tukapita hatua ninazoziandika hapa. Nawe leta vyako.

Namba yenyewe inaandikwa hivi: 2^136,279,841 − 1. Alama ^ inaonyesha kipeo: 2^5 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Kwa hiyo chukua mbili zaidi ya milioni 136, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Aliyeigundua ni Mmarekani Luke Durant, na ilithibitishwa tarehe 12 Oktoba 2024 ndani ya mradi wa kujitolea uitwao GIMPS, ambao George Woltman aliuanzisha mwaka 1996.

Hatua ya kwanza: shika kwanza namba inayoshikika

Chukua vizibo vya soda 12. Utavipanga mistari mitatu ya vinne vinne, au miwili ya sita sita. Ongeza kimoja viwe 13, na kila mpango unaharibika. Kinachobaki ni mstari mmoja mrefu. Hiyo ndiyo namba tasa: haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Jina hili "tasa" mimi sijawahi kuridhika nalo, kwa sababu namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote. Kila namba inayozidi 1 na isiyo tasa ni tasa kadhaa zilizozidishwa pamoja, kama tulivyoona kwa 5,895.

Vizibo 5,897 hatuna, kwa hiyo tunatafuta kwanza kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 5,897. 77 × 77 ni 5,929, imepita. Basi kipeuo kiko kati ya 76 na 77, na huna haja ya kujaribu kigawo chochote kinachozidi 76. Sababu ni hii: kama 5,897 ingekuwa zao la namba mbili, zote mbili zisingeweza kuwa 77 au zaidi, maana zao lake lingepita. Mmoja lazima awe mdogo. Ukimtafuta mdogo ukamkosa, mkubwa naye hayupo.

Namba tasa zilizo chini ya 77 ni 21: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71 na 73. Gawanya 5,897 kwa kila moja na uandike baki. Usiamini desimali za kalkuleta peke yake. Chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe na kigawo, kisha toa. Kwa 7 utapata baki 3, kwa 13 baki 8, kwa 23 baki 9. Ukifika 67 uwe macho: kalkuleta itaonyesha 88.01 na kuendelea, na mara nyingi mtu akiwa na haraka huandika "imegawanyika". Zidisha: 67 × 88 = 5,896. Imebaki 1. Umekosa kwa moja tu, lakini katika kazi hii kukosa kwa moja ni kukosa.

Ukimaliza zote 21 bila baki sifuri, umethibitisha. Hujakisia.

Kabla hujaiacha 5,897, igawanye kwa 4. Inabaki 1. Siku ya Krismasi mwaka 1640, Mfaransa Pierre de Fermat alimwandikia mtawa Marin Mersenne kwamba kila namba tasa inayobakiza 1 ukiigawanya kwa 4 ni jumla ya vipeo viwili vya pili (kipeo cha pili ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe), na kwa njia moja tu. Uthibitisho kamili ulitolewa na Leonhard Euler karne moja baadaye. Jaribu: 76 × 76 ni 5,776. Toa kwenye 5,897, inabaki 121, ambayo ni 11 × 11. Kwa hiyo 5,897 = 76² + 11², na huwezi kupata jozi nyingine hata ukikesha. Siku nilipoona hiyo 121 ikijitokeza daftarini nilisimama kwanza. Kumbuka jina la Mersenne, linarudi.

Hatua ya pili: hesabu kama saa

Njia ya kugawanya inakufa haraka. Namba yenye tarakimu milioni 41 ingehitaji majaribio ambayo hakuna kompyuta itakayoyamaliza. Silaha ya kweli ni baki, na baki unalijua tangu ulipojifunza kusoma saa.

Umesimama pale Mnara wa Saa mjini Moshi, ni saa tatu asubuhi. Baada ya saa 100 itakuwa saa ngapi? Hutahesabu moja moja. Katika 100 mna kumi na mbili nane, zinabaki 4. Tatu na nne, saa saba. Yale mazunguko manane umeyatupa na jibu halikuharibika. Kanuni ni hiyohiyo kwa kigawo chochote: unapojumlisha au kuzidisha, unaweza kutupa mazunguko katikati ya hesabu, mara nyingi upendavyo, na baki la mwisho litakuwa sahihi.

Sasa itumie kwa namba kubwa. Tunatafuta tarakimu zake mbili za mwisho, yaani baki lake kwa 100. Andika vipeo vya 2 ukibakiza tarakimu mbili tu kila mara: 02, 04, 08, 16, 32, 64, 28, 56, 12, 24, 48, 96, 92, 84, 68, 36, 72, 44, 88, 76, 52, halafu 04 tena. Umerudi ulikopita. Kuanzia 04, mzunguko una vituo 20.

Kipeo chetu ni 136,279,841. Ukitoa 1 kinagawanyika kwa 20, kwa hiyo baki ni 1. Hapa wengi huandika 02, kwa kuwa 2^1 ni 2. Lakini 02 iko nje ya mzunguko. Ulipita pale mara moja na hutarudi. Mwenzake wa kweli ni 2^21, inayoishia na 52. Toa 1. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana inaishia na 51, na umeijua ukiwa na penseli.

Fanya vivyo hivyo kwa 3: mabaki ya vipeo ni 2, 1, 2, 1. Kipeo chetu ni witiri, kwa hiyo baki ni 2, toa 1, inabaki 1. Kwa 4 ni rahisi zaidi. Kipeo chochote cha 2 kuanzia 4 kinagawanyika kwa 4, ukitoa 1 baki ni 3. Na hapo ndipo namba hii inapoachana na 5,897. Kipeo cha pili cha namba yoyote kikigawanywa kwa 4 kinabakiza 0 au 1, kwa hiyo jumla ya viwili hubakiza 0, 1 au 2. Kamwe si 3. Basi hakuna namba mbili nzima, hata ziwe na tarakimu milioni ishirini kila moja, ambazo vipeo vyake vya pili vikijumlishwa vitatoa namba hii.

Hatua ya tatu: hesabu tarakimu bila kuziandika

Hapa unahitaji logi ya 2, yaani kipeo ambacho 10 ikipewa inatoa 2. Zidisha kipeo kwa logi, chukua sehemu nzima, ongeza 1. Vitabu vingi vya shule vinatoa 0.3010, au 0.30103. Nilipofanya mara ya kwanza nilitumia 0.30103, nikapata 41,024,320.54, nikaandika ubaoni tarakimu 41,024,321. Ni makosa. Namba ikiwa kubwa hivi, makosa madogo ya desimali yanazidishwa mara milioni 136. Tumia 0.30102999566. Sasa unapata 41,024,319.94, na tarakimu ni 41,024,320. Kalkuleta ya tarakimu nane haitoshi kwa hatua hii. Tumia ya simu ukiilaza simu ubavu, au fanya kwa mkono.

Ukitaka kuona ukubwa wake, piga picha akilini ya kaunta buku ya kurasa 200, kila ukurasa mistari 40, kila mstari tarakimu 50. Zitajaa 102, na ya 103 itafika zaidi ya nusu.

Hatua ya nne: chuja kabla ya kugawanya

Namba za umbo la 2^p − 1, p ikiwa ni kipeo, zinaitwa namba za Mersenne, yule mtawa aliyepokea barua ya Fermat. Uzuri wake unauona ukiziandika kwa tarakimu za kompyuta, 0 na 1 tu: 2^5 − 1, yaani 31, ni 11111. Hakuna sifuri hata moja. Namba yetu kubwa, kwa mtindo huo, ni tarakimu 136,279,841, zote moja, zilizopangwa mstari mmoja.

Kutoka hapo unaona kwa nini kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. 2^6 − 1 ni 111111. Moja sita unaweza kuzifunga mafungu ya 11 au ya 111, kwa hiyo 63 inagawanyika kwa 3 na kwa 7. Kipeo kikigawanyika, namba nayo inagawanyika. Ni vizibo vilevile vya soda.

Kinyume chake hakipo, na hapa watu makini wameanguka. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Mersenne mwenyewe mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo hadi 257 alivyosema vinatoa namba tasa. Aliingiza 67 na 257, ambavyo havitoi, akaacha 61, 89 na 107, ambavyo vinatoa. Simlaumu. Ilichukua karne tatu hivi kuipima orodha yake yote.

Chujio lenyewe ni hili, na naliona kama zawadi. Kama p ni tasa ya witiri, kigawo chochote cha tasa cha 2^p − 1 lazima kitimize masharti mawili: kikigawanywa kwa 2p kibakize 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Angalia 2,047: p ni 11, 2p ni 22, na 23 ni 22 na moja. 89 ni 22 nne na moja. Zote mbili zimetii.

Jaribu kwa 2^13 − 1, ambayo ni 8,191. Kipeuo chake kiko kati ya 90 na 91. Njia ya kwanza ingekudai tasa 24. Kwa chujio, wagombea wanaobakiza 1 kwa 26 ni 27, 53 na 79. Ya 27 si tasa. Ya 53 inabakiza 5 kwa 8, inatoka. Inabaki 79 peke yake: 79 × 103 = 8,137, baki 54. Umemaliza. Umegawanya mara moja, na 8,191 ni tasa.

Kwa chujio hili Euler, akiwa karibu kipofu, alionyesha mwaka 1772 kwamba 2^31 − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa. Kipeuo chake ni 46,340 na kitu, na chini ya hapo mna namba tasa zaidi ya elfu nne. Masharti mawili yanapunguza wagombea hadi 373, na ukiondoa wale ambao si tasa wanabaki kama 80 hivi.

Namba hiyo ya Euler iko hata kwenye mashine zetu. Kompyuta nyingi za zamani zinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na nafasi waliyoitenga inaishia hapo hapo, 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu hapa Moshi itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Programu ambayo haitakuwa imerekebishwa itapoteza tarehe.

Hatua ya tano: jaribio la Lucas na Lehmer

Chujio nalo lina mwisho. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kuwa 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, bila kuigawanya kwa wagombea wake. Mwaka 1930 Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliinyoosha njia hiyo na kuithibitisha. Ndiyo inayotumika mpaka leo kutoa hukumu ya mwisho, na inaingia kwenye nusu ukurasa.

Anza na 4. Zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, kisha bakiza baki lake kwa 2^p − 1. Rudia mara p − 2. Ukiishia sifuri, ni tasa. Usipoishia sifuri, si tasa. Hukumu haina "labda".

Tufanye 2^7 − 1, yaani 127. p ni 7, kwa hiyo hatua ni tano.

4 × 4 − 2 = 14.
14 × 14 − 2 = 194, baki 67.
67 × 67 − 2 = 4,487, baki 42.
42 × 42 − 2 = 1,762, baki 111.
111 × 111 − 2 = 12,319, baki 0.

Sifuri. 127 ni tasa.

Kuna njia ya mkato ya kupata baki, nayo ndiyo inayofanya namba za Mersenne zitawale rekodi. Badala ya kugawanya kwa 127, gawanya kwa 128, halafu jumlisha jibu na baki. 4,487 ina 128 thelathini na tano, zinabaki 7. 35 na 7 ni 42. Inafanya kazi kwa kuwa kila 128 ni 127 na moja: 127 unaitupa, moja unaibakiza. Kwa kompyuta, kugawanya kwa 128 si kugawanya kabisa. Ni kukata tarakimu saba za mwisho, kama sisi tunavyogawanya kwa 100 kwa kukata mbili. Mashine inakata na kujumlisha, basi.

Sasa jaribu 2,047 ambayo tunajua si tasa. Hatua ni tisa, na utapata 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Mwisho si sifuri. Tazama kwamba jaribio limeikataa bila kuitaja 23 wala 89. Wanafunzi wangu huwa wanabishana nami hapa: unawezaje kujua kitu kinagawanyika bila kujua kinagawanywa na nini? Ndivyo ilivyo. Baki limesema.

Hilo ndilo jibu la yule kijana wa kidato cha tatu. Kwa 2^136,279,841 − 1, kompyuta yenye chipu ya NVIDIA iliyoko Dublin, Ayalandi, ilifanya kwanza jaribio la awali lililosema namba inaelekea kuwa tasa. Siku iliyofuata nyingine, San Antonio, Texas, ikafanya jaribio la Lucas na Lehmer: hatua 136,279,839, zilezile ulizofanya wewe kwa 127, za kuzidisha, kutoa 2 na kubakiza. Ikaishia sifuri.

Kazi ya kufanya peke yako ni 8,191 kwa njia hii ya tano. Hatua ni kumi na moja, na kwa mkato gawanya kwa 8,192. Baada ya hatua ya tatu daftari lako liwe na 4,870, na baada ya ya saba liwe na 36. Kama halina 36, rudi nyuma, umepoteza moja mahali fulani. Ukifika hatua ya kumi utakuwa umeshika 128. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, unapata 16,382, na hapo huhitaji tena kalkuleta.